Kupunguza au kuongeza urefu wa fimbo ya snuka: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza fimbo za snuka na za puli. Nabadilisha ngozi za ncha, yaani kile kipande kinachogusa mpira, nanyoosha zilizopinda, nabandika zilizopasuka. Katika kazi zote hizo hakuna inayonikutanisha na watu wenye haraka kama hii ya urefu. Mtu anafika na fimbo kwapani, anaelekeza kwa kidole: "Fundi, nikatie hapa." Kabla hujaja, pitia haya. Inawezekana usihitaji kuja.

Kwanza, fimbo ya snuka inatakiwa iwe na urefu gani?

Nyingi zinazouzwa madukani ni inchi 57 au 58, yaani sentimita 145 hadi 147. Huo ni mtindo wa viwanda tu, si sheria. Sheria ya snuka inasema fimbo isipungue futi 3 (milimita 914) na isiachane na umbo lake la kawaida, yaani nene nyuma na nyembamba mbele, ncha ikiwa upande mwembamba. Kikomo cha juu hakijawekwa. Kwa upande wa puli, kanuni za WPA, chama cha dunia cha puli, zinataka fimbo isiwe chini ya inchi 40 na uzito usizidi aunsi 25, ambazo ni kama gramu 709.

Kwa hiyo ukiwa na fimbo ya sentimita 140 au 152, refa hana neno na wewe.

Nitajuaje kama yangu ni ndefu au fupi kwangu?

Wazee wa vilabuni watakwambia isimamishe, ikifika kati ya kwapa na bega inakufaa. Kwa kumkabidhi mgeni fimbo ya kuanzia, sawa. Kwa kuamua pa kupitisha msumeno, hapana, kwa sababu watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kutofautiana mikono na mabega.

Fanya hivi. Weka mpira mweupe katikati ya meza, mahali unapoufikia bila kujinyoosha. Inama kama unavyocheza siku zote, usijipange kama unapigwa picha. Sogeza ncha mpaka ikaribie kugusa mpira, halafu tulia hapo hapo. Rafiki yako asimame pembeni aangalie mkono wako wa nyuma: kuanzia kiwiko hadi kiganja uwe unaning'inia wima, kama uzi wa timazi. Hapo apime mbao iliyobaki nyuma ya ngumi yako.

Ikibaki sentimita 3 hadi 5, yaani vidole viwili au vitatu, fimbo ni yako. Ikibaki 10 au zaidi, ni ndefu, ingawa hilo peke yake si kosa. Ngumi ikiwa imefika mwisho kabisa na kidole kidogo kinatafuta pa kushika, fimbo ni fupi.

Rudia mara tano. Kama vipimo vinaruka, mara sentimita 4, mara 11, tatizo halipo kwenye fimbo.

Alikuja kijana mmoja mrefu anataka nipunguze inchi 3, maana kitako, yaani mwisho mnene wa fimbo, kilikuwa kinamgonga ubavuni. Nikamwambia ainame. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekaa nje kabisa ya mstari wa fimbo na kiwiko kimekunjwa kama mtu aliyebeba ndoo. Tukausogeza mguu nusu hatua kuelekea mstari, kiwiko kikashuka chenyewe, na zile inchi 3 za ziada zikabaki moja na kitu. Alicheza fremu (michezo kamili) mbili, akaondoka na fimbo yake nzima. Mimi nikakosa hela ya siku hiyo.

Kuna namna ya kujaribu kabla ya kukata?

Ipo. Zungushia tepu ya karatasi mahali unapodhani kitako kingeishia, ushike mbele ya tepu, usivuke. Cheza hivyo wiki mbili. Utaonja urefu mpya, ila si uzito mpya, kwa sababu kipande cha nyuma bado kipo na kinavuta chini. Njia bora zaidi ni kuazima fimbo fupi ya mtu.

Anayetaka kuongeza ana kazi nyepesi: anunue kiongezeo cha kuvalisha, kile cha bomba kinachokumbatia kitako kwa nje, acheze nacho. Asipokipenda anakitoa.

Inakatwa upande gani, nyuma au mbele?

Nyuma. Karibu kila mara ni nyuma, na sababu zake ni za kuhesabika.

Tuchukue fimbo ya kawaida: sentimita 147, gramu 510, ukiilaza juu ya kidole inatulia sentimita 43 kutoka kitakoni. Kitako kina kipenyo cha milimita 29. Ukikata sentimita 5 nyuma, umeondoa sentimita za ujazo 33 za mbao nzito, sawa na gramu 33 hadi 36. Fimbo inabaki na gramu 475 hivi. Pale inapotulia palikuwa sentimita 104 kutoka ncha, sasa ni 101. Sentimita 3 zinasikika kidogo zikiandikwa, lakini mkononi fimbo imekuwa nzito mbele. Mpigaji wa kila siku atalihisi jambo hilo kabla hajapaka chaki.

Sasa ukate sentimita 5 hizo hizo mbele. Uzito unaopotea ni gramu 2 au 3, utadhani hujafanya kitu. Ila ncha iliyokuwa na milimita 9.5 sasa imezidi 10, maana fimbo inanenepa kadiri unavyorudi nyuma. Pete ya shaba ya zamani, ile inayozunguka mbao penye ncha, haiingii. Ama ununue pete kubwa zaidi, ama uanze kuchonga mbao upya kwa urefu wa sentimita 30 au 40 ili wembamba urudi taratibu. Na ile sehemu laini ya mbele, inayopinda kidogo mpira unapopigwa, ndiyo uliyoitupa. Fimbo inakuwa ngumu. Mpira mweupe ukiuzungusha pembeni unatoka kwa njia usiyoizoea.

Hili nililijua kwa gharama yangu. Fimbo yangu ya kwanza niliipunguza mbele kwa sababu sikutaka kuharibu beji ya kitakoni. Beji ilipona. Fimbo ikawa kama mpini wa jembe.

Basi kuna wakati wa kukata mbele?

Pale mbao ya mbele imepasuka au imevunjika na hakuna njia nyingine. Hiyo ni tiba, si marekebisho ya urefu.

Ndani ya kitako kuna nini? Msumeno hautakutana na chuma?

Unaweza kukutana nacho, na ndiyo maana nauliza maswali mengi kabla sijawasha taa ya meza ya kazi. Fimbo nyingi zimetobolewa kitakoni na kutiwa madini ya risasi ili kufikia uzito uliotakiwa. Nyingine zina skrubu ndefu ya kushikilia ule mpira mdogo wa chini, au kikombe cha shaba chenye nyuzi za kufungia kiongezeo. Sumaku itakuonyesha skrubu ya chuma, lakini risasi na shaba haitazigundua.

Ukikata ukaona kitu cha kijivu kinang'aa, acha. Usipige msasa. Vumbi la risasi ni sumu, na kwenye nyumba yenye watoto hutaki hata chembe yake sakafuni. Fundi huitoa kwa drili polepole, anakusanya chembe zote, kisha anarudisha kiasi kinachotakiwa mbele kidogo ya hapo. Na hapo ndipo kukata kunakuwa na faida ambayo wengi hawaijui: kwa kuwa tundu limefunguliwa, uzito unaweza kurudishwa kama ulivyokuwa, au ukapangwa upya upendavyo.

Naweza kukata mwenyewe nyumbani?

Kama ni fimbo ya kipande kimoja, ya bei ya chini, haina risasi ndani, na una mkono uliotulia, unaweza. Fimbo ya kutengenezwa kwa mkono usiiguse.

Ipime kwanza kwenye mizani ya jikoni, uandike uzito. Ilaze juu ya kidole, weka alama inapotulia. Namba hizo mbili zitakusaidia baadaye utakapotaka kujua umeharibu nini. Toa mpira wa chini na skrubu yake. Zungushia tepu ya karatasi pale pa kukata, mizunguko miwili iliyobana, mstari wa penseli uupige juu ya tepu. Tepu inazuia nyuzi za mbao zisichanike.

Msumeno uwe wa meno madogo, wa kukatia vyuma unafaa kuliko wa seremala wa kupasulia mbao. Fimbo ukiibana kwenye jiliwa ivalishe kitambaa kwanza, maana jiliwa likiuma mbao alama haitoki. Halafu usikate moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Kata kidogo, zungusha fimbo, kata kidogo, zungusha, mpaka mfereji uzunguke pande zote na kukutana. Anayekata kutoka upande mmoja humaliza na kitako kilichoinama. Na anaanza na sentimita 1 au 2, si 5.

Baada ya hapo ni msasa: namba 120 kusawazisha uso, 240, kisha 400. Ukingo uviringishe kidogo usije ukachana kitambaa cha meza au kiganja chako. Kama fimbo ina ule ubapa wa kitakoni wenye beji, jua kwamba utafupika, na beji inaweza kuondoka nao.

Kisha ziba. Watu hulisahau hili, na kwa sisi tunaoishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ndilo linalouma. Mbao iliyokatwa kichwa ina vinyweleo wazi kama kifungu cha mirija, inanyonya unyevu wa bahari msimu wa mvua na kuutoa kaskazi ikivuma. Baada ya miezi kadhaa unaona ufa mwembamba unapanda. Paka mafuta ya kitani mara tatu, siku moja katikati, au vanishi nyembamba, ndipo urudishe mpira wa chini.

Fimbo yangu ni ya vipande viwili. Inabadilisha chochote?

Inabadilisha, na kwa uzuri. Zipo zinazoungana katikati na zipo za robo tatu, ambapo kipande cha nyuma ni kifupi na cha mbele ni kirefu. Kama yako ni ya robo tatu, usiikate kabisa. Mwambie fundi mwenye mashine ya kukereza akutengenezee kitako cha pili, kifupi au kirefu unavyotaka, chenye nyuzi zinazolingana. Kile cha asili kiweke ndani. Siku ukijuta, unafungua na kufunga.

Ambalo halifai ni kukata mbao penye kiungo. Mtu anaona ni rahisi: achomoe shaba, apunguze, arudishe. Kiungo kikikosea mstari kwa nusu milimita, ncha itayumba mbele, na hutajua kwa nini mipira mirefu haiingii.

Chumba changu ni kidogo, kitako kinagonga ukuta. Nipunguze?

Hapana, nunua fimbo ya pili fupi. Zipo za inchi 48 na za inchi 36, kwa ajili ya kona hizo tu. Ukikata fimbo yako kwa sababu ya ukuta mmoja, utaicheza fupi hata pande tatu zisizo na ukuta.

Hesabu ya chumba ni nyepesi. Uwanja wa meza kubwa ya snuka ni sentimita 357 kwa 178. Ongeza fimbo ya sentimita 147 kila upande na nafasi ya kurudisha mkono kama sentimita 15, utapata mita 6.8 kwa mita 5. Meza ndogo ya puli, ile ya sarafu iliyojaa kwenye baa zetu, uwanja wake ni karibu mita 2 kwa 1, kwa hiyo nayo inataka kama mita 5.2 kwa 4.2. Wenye baa wengi hawajawahi kupiga hesabu hii. Ndiyo maana kuna meza ambazo lazima mlango wa choo ufunguliwe ndipo mtu apige.

Mtoto wangu ana miaka tisa. Nimkatie fimbo yangu ya zamani?

Mnunulie ya inchi 48. Fimbo ya mtu mzima ukiikata nyuma inabaki nene na nzito kwa vidole vyake, na ukiikata mbele inakuwa gongo. Ukikosa kabisa, mwache acheze na ya kawaida akiishika mbele zaidi, mbali na kitako. Watoto wanazoea upesi, na urefu wanaongeza wenyewe bila fundi.

Nataka kuongeza. Nina njia gani?

Tatu.

Ya kwanza ni kile kiongezeo cha kuvalisha kwa nje. Ni cha bei nafuu na hakihitaji kutoboa kitu. Ubaya wake ni kwamba kikilegea kinacheza, na ukikibana sana kinakwaruza vanishi.

Ya pili ni kiongezeo cha kufunga kwa nyuzi, kifupi, sentimita 15 hadi 23. Kitako kinatobolewa, kinatiwa kikombe cha shaba, unafunga na kufungua unavyotaka hata katikati ya fremu. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Kumbuka tu kwamba watengenezaji hawafanani nyuzi, kwa hiyo usinunue kiongezeo peke yake ukitumaini kitaingia. Na tundu lazima litobolewe katikati kabisa na kwa wima. Kwa drili ya mkono sijaona mtu akipatia, na mimi mwenyewe sijapatia.

Ya tatu ni kuunga mbao moja kwa moja. Hapa kuna kosa ninaloletewa kila baada ya muda: mtu amepaka gundi kwenye uso wa kitako, akabandika kipande, akasubiri. Kichwa cha mbao kwa kichwa cha mbao hakishikani kwa gundi tupu. Kinaonekana imara mpaka siku fimbo inapoangukia sakafuni. Lazima pawe na pini ya mbao ngumu ndani, iingie sentimita 3 au 4 kila upande, gundi iwe epoksi ya kukauka taratibu, saa 24, si ile ya dakika tano. Kipande kiungwe kikiwa kinene kidogo, kisha kikerezwe kushuka mpaka ukipitisha ukucha usisikie mpaka.

Ukiongeza nyuma, unaongeza uzito nyuma, na fimbo inatulia nyuma zaidi. Wengine wanapenda. Wengine wanahisi ncha inaelea.

Na mbele je, haiwezi kuongezwa?

Haiwezi, labda kama unataka pambo la ukutani. Mbele pana upana wa kidole kidogo, pini ya ndani ingekuwa kama njiti, na kila pigo linapita hapo.

Naweza kutumia mpingo wetu kuongezea kitako?

Unaweza, na inapendeza sana. Mbao nyeusi ya fimbo nyingi za kiwandani si mpingo wetu, ni miti ya jamii nyingine, iitwayo kitaalamu Diospyros. Mpingo wa Mtwara na Lindi ni Dalbergia melanoxylon, ule wa vinyago vya Wamakonde na wa klarineti. Ni mzito kiasi cha kuzama majini: sentimita 5 kwenye kitako cha milimita 29 zinakaribia gramu 40, kwa hiyo pima kabla. Vaa barakoa unapoukereza, vumbi lake linawasha kifua na ngozi. Ni mti wa mafuta mafuta pia, futa uso kwa spiriti kabla ya gundi. Kipande kidogo utapata kwa wachongaji; mbao kubwa za kuvusha mpaka ni habari ya vibali, maana jamii yote ya Dalbergia imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017.

Kiongezeo kinaruhusiwa kwenye mashindano?

Ndiyo. Angalia tu unapokifunga usiguse mpira wowote, hata kwa mkono wa shati, maana ni faulo ya pointi 4 kwenda juu. Na kwenye snuka lazima mguu mmoja uwe unagusa sakafu unapopiga, kwa hiyo kiongezeo hakikupi ruhusa ya kupanda mezani.

Mbona fimbo yangu inapungua yenyewe? Nilipoinunua ilikuwa 147, sasa 146 na kidogo.

Ni ngozi za ncha. Kila inapobadilishwa, fundi anasawazisha mbao kwa tupa au msasa, nusu milimita hapa, milimita pale. Baada ya ngozi ishirini, sentimita imeondoka. Mwambie asafishe gundi ya zamani tu, asichimbe.

Nikishakata, mchezo wangu utaharibika?

Kwa wiki chache, ndiyo. Fimbo unayoijua haibadilishwi bila gharama. Mwaka 2003 fimbo aliyokuwa nayo Stephen Hendry, bingwa wa snuka kutoka Scotland, tangu ujana wake, iliyomchukulia mataji 7 ya dunia, ilivunjika safarini kwenye ndege, na habari hiyo ilipokewa kama msiba. Haikuwa fimbo ghali. Alikuwa ameizoea tu. Kwa hiyo kama una ligi mwezi huu, subiri iishe.

Kipande kilichokatwa nikidai?

Kidai, tena hapo hapo. Ni mbao ile ile, rangi ile ile, na mistari inayolingana na fimbo yako. Siku ukitaka kurudi ulikotoka, hakuna mbao nyingine itakayoungana nayo vizuri hivyo. Itapungua unene wa meno ya msumeno, milimita moja hivi. Mimi ninayo droo yenye vipande kumi na kitu, kila kimoja kimeandikwa kwa penseli jina na tarehe. Vitatu vimesharudi kwa wenyewe.